Viti maarufu vya historia kwenye darasa la kuchora mwili: kipi kwa mkao upi, dakika ngapi, na mambo yanaharibikia wapi

#1 NyongaKwanza

Wakuu, uzi huu ni wa wanaochora modeli hai na wanaopanga madarasa ya aina hiyo. Mada: kumkalisha modeli kwenye kiti chenye jina katika historia ya usanifu, tangu klismos ya Wagiriki wa kale hadi viti vya plastiki vya miaka ya 1960, kisha kumchora yeye pamoja na kiti.

Wengi hukichukulia kiti kama pambo la kujaza karatasi. Sivyo. Aliyebuni kiti ameshaamua nyonga itulie wapi, mgongo ulale kwa nyuzi ngapi na goti liwe juu au chini ya usawa wa paja. Ukija na mkao wako kichwani ukamlazimisha modeli aufanye juu ya kiti kisichoutaka, mwili utashindana na kiti, na mshindi ni kiti kila siku. Dakika ya kumi utaona bega limeshuka, nyonga imeteleza mbele, na michoro ya darasa zima imepinda. Kiti kwanza, mkao baadaye.

Vipimo vya kuanzia. Kiti cha kawaida cha mezani kina kikalio cha karibu sm 45 kutoka sakafuni. Mtu wa sm 165 akikaa wima ana karibu sm 86 kutoka kikalio hadi utosini. Kichwa chake ni kama sm 22. Maana yake vichwa vinne juu ya kikalio, viwili chini yake, jumla sita. Sasa mpeleke modeli huyohuyo kwenye kiti cha Gerrit Rietveld chenye rangi nyekundu na buluu (umbo lake ni la 1918, rangi zikaja karibu 1923). Kikalio ni cha chini sana, kama sm 33 kwa mbele, na kinainama kwenda nyuma. Goti linapanda juu kuliko nyonga, kiwiliwili kinalala nyuma, na hesabu ya vichwa sita imekufa. Anayechora kwa mazoea atampa modeli miguu ya mtu mwingine.

Karibuni. Tuongee vitu vya kushikika.

---

#2 Timazi

Mkuu umefungua vizuri. Nianze na mkongwe, klismos. Hakuna hata kimoja cha asili kilichobaki. Tunakijua kupitia vyungu na mawe ya kuchongwa. Jiwe la kaburi la Hegeso, la mwisho wa karne ya 5 KK, lililoko Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia kule Athens, ndilo somo zima: mwanamke amekaa ubavu kwetu, miguu ya kiti imepinda nje kama upanga wa kukatia, egemeo limeukumbatia mgongo chini ya mabega, na nyayo ziko juu ya kibao cha miguu.

Hicho kibao msikipite. Modeli mfupi kwenye kikalio kirefu miguu inaning'inia, ukingo wa mbele unamkandamiza nyuma ya goti, na ganzi inafika mapema. Kipimo ni vidole viwili: vipite bila kusukuma kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Vikigoma, weka ubao wa sm 5 hadi 10 chini ya nyayo. Mchongaji wa Hegeso ameonyesha dawa zaidi ya miaka 2,400 iliyopita.

Hasara ya miguu iliyopinda nje ni kwamba nyuzi za mbao hukatwa kwenye kona ya mpindo, na hapo ndipo inapopasuka mtu akiegemea kwa kushtukiza. Nakala iliyokatwa kwenye ubao mnyoofu ni ya mikao tulivu tu. Iliyopindwa kwa mvuke au kubandikwa kwa tabaka inavumilia zaidi.

Na wazo la kutengenezesha kiti kwa ajili ya kuchora si la jana. Jacques-Louis David alimpa seremala Georges Jacob kazi ya kumtengenezea samani za mtindo wa kale kwa ajili ya studio yake, na mtindo huo unaonekana kwenye picha yake ya Brutus ya 1789. Picha ya Madame Récamier ya 1800 nayo ni somo la mkao: mwili umelala upande mmoja, uso umegeuzwa juu ya bega kumtazama mchoraji. Inapendeza, ila shingo iliyogeuzwa hivyo haifai kuzidi dakika 15 kwa awamu. Geuza macho zaidi, shingo kidogo.

---

#3 MkaaMweusi

Wakuu, kwa darasa la wanaoanza, kiti gani kinafaa kiwe cha kwanza? Wengi kiti kinawashinda kuliko mwili. Miguu minne haikai sakafuni, modeli anaonekana anaelea.

---

#4 NyongaKwanza

Mkuu, namba 14 cha Michael Thonet, cha 1859. Ni kile cha mikahawa ya Vienna: vipande sita vya mbao za beech zilizopindwa kwa mvuke, skrubu kumi, nati mbili. Vilipakiwa 36 vikiwa vimefunguliwa ndani ya sanduku la mita moja ya ujazo. Kwa mchoraji faida ni kwamba kina mistari michache na yote inasema kweli. Hakuna mto, hakuna nakshi ya kufichia kosa.

Utaratibu wa kuchora, na usiruke hatua:

Anza na sakafu. Weka nukta nne pale miguu ya kiti inapogusa, uziunge uwe na pembenne iliyolala. Pembenne hiyo ikiwa mbaya, hakuna kitakachopona juu yake. Kosa la kawaida ni kuweka miguu ya mbele na ya nyuma karibu kwenye mstari mmoja, kwa sababu akili inajua sakafu ni bapa na inataka kuichora bapa. Ukiwa umesimama karibu mita 3 kutoka kwenye kiti kilicho sakafuni, miguu ya nyuma inapanda wazi kwenye karatasi. Modeli akiwa juu ya jukwaa la sm 45 na wewe umekaa, inapanda kidogo mno. Pima kwa penseli, usibahatishe.

Pili, duara la kikalio, ambalo kwa macho yako ni duaradufu. Kikalio kikiwa mlalo, mhimili mfupi wa duaradufu hiyo unasimama wima, popote ulipokaa chumbani. Wanaoanza huinamisha duaradufu kufuata mwelekeo wa egemeo, na kiti kinakuwa sahani inayomwaga mchuzi. Kama kiti kina pete ya pili chini inayounganisha miguu, duaradufu ya chini lazima iwe wazi zaidi kuliko ya juu kwa sababu iko mbali zaidi chini ya jicho. Ukiona za kwako zimelingana, moja ni ya uongo.

Tatu ndiyo nyonga. Chora sanduku la fupanyonga likiwa limekaa ndani ya duara, halafu ndiyo uchore mapaja yanayotoka. Modeli "anaelea" kwa sababu mchoraji ameishusha mistari ya mwili hadi kwenye kiti akaiachia hapo. Nyama ya paja na makalio hutanuka na kuwa bapa inapogusa ubao. Mstari wa mguso ni mnyoofu na mweusi kuliko mistari yote ya mwili. Kivuli chembamba chenye giza zito pale ngozi inapokutana na kikalio kinafanya kazi kuliko nusu saa ya kupaka vivuli kwingineko.

Egemeo na miguu ya nyuma ya namba 14 ni mbao moja ndefu iliyopindwa. Ichore kwa mkono mmoja usiosimama, tangu sakafuni, ipite nyuma ya mgongo wa modeli, ishuke upande wa pili. Ipitishe hata pale mwili unapoificha, ufute baadaye. Ukiichora vipande viwili havitakutana.

---

#5 FundiPlaiwudi

Naongezea upande wa kiti chenyewe. Kikalio cha Thonet cha henzirani (nyuzi za rattan zilizosukwa) kinabeba makalio, hakibebi goti wala kisigino. Uzito ukikusanyika sehemu ndogo, nyuzi zinakatika moja, kisha jirani zake, na modeli anazama. Mkao wa kupiga goti juu ya kiti au kusimama juu yake unahitaji diski ya plaiwudi ya mm 9, iliyokatwa ipumzike juu ya pete ya mbao pande zote, siyo juu ya henzirani. Henzirani kavu hukatika haraka zaidi. Ipanguse chini kwa kitambaa chenye maji kidogo, uiache ikauke siku nzima kabla ya kukaliwa.

Kabla ya kila kipindi kaza skrubu za Thonet. Kiti kikiyumba nusu sentimita modeli atakaza misuli ya kiuno bila kujua, na atachoka kabla ya wakati. Vilevile pimeni nakala yenu kwa futi. Nakala hutofautiana na za asili kwa sentimita kadhaa, kwa hiyo namba za kwenye vitabu zisitumike kurekebisha mchoro. Na vya makumbusho havikaliwi. Vichorwe vikiwa vitupu, modeli akalie nakala.

---

#6 KitambaaChini

Naomba niseme upande wa modeli maana hapo ndipo madarasa mengi yanapokosea.

Joto. Mtu aliye uchi na asiyetikisika anahitaji nyuzi 22 hadi 25 za Selsiasi, hata kama wachoraji wanatokwa jasho. Hita iwe umbali wa mita 1 hadi 1.5, ielekee ubavuni, si upande mmoja wa mguu tu. Tahadhari kwa viti vya bomba: chuma kilichopakwa kromu ni baridi kali ukikikalia, lakini kikisogezwa karibu na hita kinashika moto na kuunguza ngozi. Gusa kwa kiganja kabla ya modeli kukaa, na tena baada ya kila mapumziko.

Mishipa ya fahamu. Kiwiko juu ya mkono mgumu wa kiti (kile cha mbao cha Kiingereza kiitwacho Windsor, au cha Rietveld) kinabana mshipa unaopita nyuma ya kiwiko, na dalili ni ganzi ya kidole kidogo na cha pete. Miguu iliyopishana goti juu ya goti inabana mshipa unaopita nje ya mguu chini kidogo ya goti, na dalili ni nyayo isiyonyanyuka. Hapo mkao unasimama papo hapo, hakuna "vumilia dakika mbili". Na modeli asiruke chini ya jukwaa: akae, azungushe kifundo, asubiri hisia irudi. Wanaoanguka huanguka wakati wa kushuka, si wakati wa mkao.

Muda: dakika 20 kwa 5 za mapumziko ndiyo kawaida ya mkao mrefu wa kukaa. Kiti kigumu bila egemeo, kata iwe 15. Mkao wenye mkono juu ya kichwa au mgongo uliopindwa ni dakika 5, basi.

Kitambaa juu ya kikalio ni lazima, kisafi, cha kila modeli peke yake. Cha pamba. Kwenye plastiki na faibaglasi weka wavu wa mpira chini ya kitambaa, maana jasho likianza, kitambaa kinateleza na modeli pamoja nacho. Kiti cha Panton ndicho kibaya zaidi kwa hilo: ukingo wa mbele unamwagika kama maporomoko ya maji na hakuna cha kuzuia.

Mwisho, anayepanga mkao hamgusi modeli. Akae mwenyewe kwenye kiti aonyeshe. Picha za simu hazipigwi bila ruhusa ya modeli.

---

#7 Timazi

KitambaaChini nakubali yote, ila kitambaa kisiwe shuka kubwa linalofunika kiti kizima. Hapo umemwita modeli akae kwenye fungu la nguo. Mstari wa mguso aliousema NyongaKwanza unapotea, ukingo wa kiti unapotea, na kiti maarufu kinakuwa kiti chochote. Kunja kitambaa kilingane na kikalio, kiwe chembamba, rangi moja, kisicho na maua.

---

#8 KitambaaChini

Sawa kabisa. Kikunjwe ndani ya ukingo kwa sm 2. Ila kiwepo.

---

#9 MstariMmoja

Tuje kwa mabomba. B3 cha Marcel Breuer, 1925, wa Bauhaus, ile shule ya usanifu ya Dessau, Ujerumani, aliyepata wazo kwenye usukani wa baiskeli. Jina la Wassily kililipata miaka mingi baadaye. Watu hukiogopa kwa wingi wa mabomba. Tiba ni kutochora mabomba. Chora nafasi tupu: pembetatu kati ya kiwiko, ubavu na bomba, kipande cha ukuta kinachoonekana chini ya paja, mwanya kati ya mkanda wa mgongo na mkanda wa kikalio. Funga nafasi hizo kama vipande vya sakafu iliyopasuka na bomba litajitokeza lenyewe katikati yake, likiwa na unene sahihi. Anayechora mistari miwili sambamba ya kila bomba atamaliza kipindi kizima na bado moja litakuwa nene kama bomba la maji taka.

Kromu haipakwi kivuli kama mkono wa mtu. Ni mistari mirefu inayokwenda na bomba: mweupe wa karatasi, mweusi kabisa kando yake, kijivu chembamba, basi. Mpito laini unageuza chuma kuwa mpira. Angalia pia rangi ya ngozi inavyojirudia kwenye bomba karibu na paja. Pale kromu ni ya joto kuliko kwingine, na ukitumia chaki za rangi mahali hapo panaunganisha mwili na kiti.

Viti visivyo na miguu ya nyuma vina shida nyingine. Cha Mart Stam cha 1926 kilikuwa kigumu, hakinesi. MR10 cha Mies van der Rohe cha 1927 kinanesa kwa sababu bomba la mbele limepindwa kama upinde. Modeli akikaa kinashuka, akipumua kwa nguvu kinapanda na kushuka, akihamisha uzito mbele kinazama upande wa mbele. Kwa hiyo:

- Subiri dakika mbili tangu akae ndipo uweke vipimo. Mwili na bomba vinatafuta mahali pa kutulia.
- Ning'iniza timazi jirani na modeli, uzi upite shimo la sikio au ncha ya bega, na kumbuka unapokutana na bomba. Baada ya mapumziko uzi ndio utakaosema kama amerudi.
- Asikae ukingoni mwa mbele. Sehemu inayolala sakafuni inaanzia chini ya mbele na kwenda nyuma. Uzito ukivuka mbele ya mpindo, kiti kizima kinapiga magoti.
- Juu ya jukwaa la mbao laini bomba linateleza kama sleji. Weka zulia jembamba lililopigiliwa.

---

#10 MkaaMweusi

Na ule mkao wa Christine Keeler, yule modeli wa Uingereza aliyepigwa picha amekikalia kiti kinyume? Kila darasa kuna mtu anauomba.

---

#11 Timazi

Ule ni wa picha ya Lewis Morley ya 1963. Kiti si cha Arne Jacobsen, ni nakala ya Mfululizo wa 7 wake wa 1955. Ule upenyo kwenye egemeo haupo kwenye cha asili. Chenyewe sasa kiko Makumbusho ya Victoria and Albert, London.

Siri ya mkao ni kwamba egemeo limegeuzwa kuelekea mtazamaji. Modeli ni uchi lakini kiti kimevaa kwa niaba yake. Kwa darasa lenye watazamaji upande mmoja ni mkao mzuri: mabega, mikono, uso, na chini yake umbo la plaiwudi lenye kiuno chembamba linalojibu kiuno cha mwanadamu. Wanaochora kwa ubavu hawapati ule ustaarabu, kwa hiyo panga watu nyuzi 120 mbele yake, si duara kamili, na modeli akubali mkao huo kabla ya siku yenyewe, si mbele ya watu.

Kinachoharibika: kikalio kimetengenezwa kwa mapaja yaliyo mbele. Ukikipanda kinyume, upande wa nyuma unapoungana na egemeo ni mwembamba na ukingo wa plaiwudi unakata paja kwa ndani. Dakika 10, zikizidi sana ziwe 15. Viwiko vikae juu ya ukingo wa egemeo kwa nyama ya mkono, si kwa mfupa. Na plaiwudi hunepa kidogo uzito wa mikono unapolala juu yake, basi mstari wa mabega unashuka kadiri muda unavyokwenda. Chora mabega mapema, kiti mwishoni.

---

#12 FundiPlaiwudi

Habari za kupinduka, maana nimeona miguu mitatu haijatajwa. Kigoda namba 60 cha Alvar Aalto, 1933, na kiti cha Chungu (yule mdudu, Ant kwa Kiingereza) cha Jacobsen, 1952, ambacho awali kilikuwa na miguu mitatu. Miguu mitatu haiyumbi kwenye sakafu mbovu, hiyo ndiyo sifa yake. Lakini uzito ukitoka nje ya pembetatu inayounganisha miguu, hakuna mguu wa nne wa kukuokoa. Mkao wa kuinama kwa mshazari kugusa kifundo cha mguu ndio unaoangusha. Chora pembetatu hiyo kwa chaki juu ya jukwaa, hakikisha angalau nyayo moja ya modeli imekanyaga nje yake, upande anaoinamia.

Viti vinavyozunguka, mfano Yai la Jacobsen (1958): modeli hageuki kwa makusudi, pumzi na uzito vinamgeuza nyuzi mbili tatu kila awamu. Weka alama mbili za tepu, moja kwenye ganda kwa chini, moja kwenye mguu wa kati, zilingane. Kisha sukuma kabari mbili za mbao kati ya ganda na sakafu ya jukwaa, kila upande moja.

Kiti cha Zig-Zag cha Rietveld, 1934, kinawezekana kujitengenezea: mbao nne tu. Ila unaona kama ni rahisi halafu kinakuvunjikia. Mzigo wote unapita kwenye kona mbili kali, kati ya kikalio na ubao wa mshazari, na kati ya mshazari na ubao wa chini. Bila kabari ya pembetatu ndani ya kona hizo, upana mzima wa kiti, gundi itaachia. Plaiwudi ya mm 18 moja haitoshi, bandika mbili. Skrubu kila sm 8 kupitia kabari. Kijaribu kwa mifuko ya mchanga yenye uzito mara mbili ya modeli usiku mzima, ukingo wa nyuma. Hata kikiwa imara, modeli asijitupe nyuma: hakuna mguu nyuma yake.

---

#13 PembeYaChumba

Samahani wakuu, mnajitesa. Sanduku la mbao la sm 45 linatoa nyonga iliyo wazi, pande sita, pespektivu rahisi. Majina ya wabunifu hayamfundishi mtu kuchora goti. Darasa linageuka onyesho la samani.

---

#14 NyongaKwanza

Mkuu, sanduku ni zuri na darasa liwe nalo. Lakini sanduku linatoa mkao mmoja: nyuzi 90 goti, nyuzi 90 nyonga. Kiti cha Paimio cha Aalto, cha mwaka 1932 hivi, kilibuniwa kwa sanatoria ya wagonjwa wa kifua kikuu, egemeo likiwa limelazwa ili kifua kipate nafasi ya kupumua. Mkalishe modeli hapo uone mbavu zinavyofunguka na tumbo linavyonyooka. Kwenye sanduku utamwomba aigize hivyo na ataigiza vibaya. Kiti cha Barcelona (Mies na Lilly Reich, 1929) ni kipana na kina kirefu kwa nyuma: mtu mfupi mgongo haufiki kwenye egemeo, kiuno kinapinda kama herufi C. Ukitaka C hiyo, mwache. Usipoitaka, ficha mto mgumu wa sm 10 nyuma ya kiuno.

Na kuna viti vinavyokupa rula bure. Kile kirefu cha Charles Rennie Mackintosh cha Hill House, 1902 hadi 1904, kina karibu sm 140 kwenda juu na egemeo lake ni ngazi ya fito za mlalo. Modeli akikaa mgongo kwenye ngazi, kila fito ni alama ya kipimo: ncha ya bega iko fito ya ngapi, kwapa fito ya ngapi, bega la pili limepotea fito ngapi. Kosa la mabega linaonekana kwa kuhesabu. Wale walioko nyuma wanapata mgongo uliokatwa vipande na mistari myeusi, na huo ni mtihani bora wa nafasi tupu kuliko Wassily. Kikalio ni chembamba na kiti kilibuniwa zaidi kutazamwa kuliko kukaliwa, kwa hiyo awamu za dakika 15. Asiye nacho afunge ngazi nyembamba nyeusi nyuma ya kigoda imara. Mchoro hautajua.

Palipo na ukweli kwenye hoja yako ni viti vinavyommeza modeli. Tufe la Eero Aarnio (1963) linaonekana la ajabu, lakini aliye nje ya nyuzi 90 za mbele anachora mpira mweupe na vidole vya mguu. Ndani kuna giza: taa ya juu haifiki usoni, hivyo shusha taa moja iwe usawa wa kifua, nyuma ya bega la mchoraji wa katikati. Tufe linazima sauti pia, anayetangaza muda asimame mbele ya mdomo wake.

---

#15 MstariMmoja

Cha kulalia hakijaguswa. Ile LC4 ya 1928, kazi ya Charlotte Perriand, Le Corbusier na Pierre Jeanneret. Kuna picha maarufu ya Perriand mwenyewe amelala juu yake, miguu juu, uso amegeukia ukutani. Uso umefichwa, mkunjo wa goti ndio kilele, na mwili wote umefuata bomba. Ni mkao ambao modeli anaweza kuurudia siku kumi bila shida, kwa kuwa kiti kinamrudisha palepale. Kwa mchoro wa siku nyingi sijaona cha kukizidi.

Hatari: sehemu ya juu haijafungwa kwenye fremu ya chini, imekaa juu ya vipande vyenye mpira na inashikwa na msuguano. Modeli akianza kukaa upande wa miguu, inateleza. Akae katikati kwanza, mtu ashike upinde wa kichwa, kisha alaze mgongo, mwisho anyanyue miguu. Kushuka ni kinyume chake. Ukishapata mwinamo unaotaka, funga kitambaa kwenye bomba kwa alama, maana kesho mtu atakuwa ameusogeza.

Alama kwa ujumla: chaki au tepu ya karatasi kwenye jukwaa kwa miguu ya kiti, kisigino na kidole gumba cha kila mguu, rangi tofauti kwa kila mkao, nukta ukutani ya kutazama. Tepu haibandikwi kwenye ngozi ya kiti wala henzirani kuukuu, inang'oa rangi. Funga uzi.

---

#16 MkaaMweusi

Nimeelewa. Nikiwa na saa tatu na viti vitatu tu (Thonet, MR10, Mfululizo wa 7) nivipangeje?

---

#17 NyongaKwanza

Thonet kwanza: mikao kumi ya dakika 1, modeli akizunguka kiti. Akikaa, akiegemea, akikishika egemeo, mguu mmoja juu (diski ya FundiPlaiwudi iwepo). Kisha miwili ya dakika 5. Wanatumia mkaa, kiti mistari sita tu. Mapumziko 10.

Mfululizo wa 7 kinyume, dakika 10, mara mbili, mara ya pili kiti kimegeuzwa nyuzi 90. Mapumziko 10.

Baada ya hapo ni MR10: awamu nne za dakika 20, mapumziko ya 5 kati yake. Awamu ya kwanza hakuna kivuli: pembenne ya sakafu, upinde wa bomba, sanduku la nyonga, mstari wa timazi. Ya pili mwili. Ya tatu vivuli vya mwili na mguso. Kromu ni dakika kumi za mwisho za awamu ya nne. Atakayeianza mapema atakuwa na kiti kizuri kilichokaliwa na mzimu.

---

#18 FundiPlaiwudi

Sahihisho dogo kwenye ratiba hiyo: baada ya ile mikao kumi ya mguu juu ya kiti, kaza tena skrubu za Thonet kabla ya zile dakika 5. Zinalegea.